Mholanzi wa Erdington na Mdomo Wangu

Mholanzi alipokufa, gazeti moja liliandika kwamba alikuwa sauti ya wasio na sauti. Nililisoma nikiwa nimesimama stesheni, nikalikunja, nikalitia kwenye pipa la taka. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wasio na sauti, na sauti ninayo. Laiti ningekuwa bubu kweli, kuna nyumba moja mtaa wa Newtown ningeingia leo bila kuinamisha uso.

Hapa Birmingham nina kazi mbili. Ya kwanza ndiyo inayonilisha: kutunza wazee majumbani mwao, kazi ambayo sote tunaiita ukea. Ya pili ni ya thawabu. Naosha maiti wa kike katika msikiti mmoja upande wa Bordesley Green. Nilifundishwa na shangazi yangu Unguja nikiwa msichana, na nilipofika huku wanawake wakanijua, wakawa wananipigia simu. Chumba chenyewe hakina ajabu. Kina vigae vyeupe, meza ya chuma yenye mfereji, mpira wa maji, ndoo ya maji ya mkunazi na ndoo ya maji ya kafuri. Tunakuwa watatu au wanne. Mwili tunaufunika shuka, na mkono unapita chini ya shuka.

Kanuni yake kubwa hata mtoto wa chuoni anaijua: unachokiona mezani unakiacha mezani. Maiti hawezi kujifunika, kwa hiyo wewe ndiye nguo yake. Kama ana kidonda, hukukiona. Kama ana jambo alilolificha maisha yake yote, hukuliona. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata, lakini sisi ni kata isiyotakiwa kujibu. Mwosha akijulikana ana mdomo, simu yake hailii tena, wala hakuna atakayemweleza kwa nini.

Nilikuwa nikijivunia mdomo wangu. Nalisema hilo kwanza, ili mjue nilianguka kutoka wapi.

Kwa Mholanzi nilipelekwa na wakala. Nyumba yake ilikuwa Erdington, ya matofali mekundu, karibu na reli, treni ikipita vikombe vinalia kabatini. Alikuwa bibi aliyepita miaka themanini, mrefu, mkavu, ana macho ya mtu anayekuuliza swali hata akiwa kimya. Siku ya kwanza alinipa mkono akasema kwa Kiswahili, "Karibu, ndugu." Nilishtuka. Kumbe ujanani alikwenda Dar es Salaam kwenye mkutano wa wapigania uhuru, akakaa wiki tatu, akarudi kwao na maneno manne: karibu, ndugu, uhuru na mapambano. Nilifurahi kwa muda wa dakika kumi hivi. Kisha akasema, "Ndugu, choo," na kazi ikaanza.

Sitaki kuwa mnafiki: kinyaa kilianza kabla ya kitabu alichokuja kukiandika. Alikuwa akila samaki mbichi, amemshika mkia, kichwa amekiinua, samaki anashuka kooni huku mafuta yanamtiririka kidevuni, kisha kwa mkono uleule ananipapasa shavu. Vyombo vilioshwa kwenye povu na kukaushwa na povu lake. Paka wawili walilala juu ya sahani safi, na nikiwafukuza anasema nao wana haki ya kukaa. Leso yake ya pua ilikuwa na umri wa mwezi. Alikuwa na peremende nyeusi za chumvi, zinazonuka dawa ya viatu, na kila mgeni alilazimishwa kuonja moja, kama mtihani. Mavi ya mgonjwa hayanitii kinyaa. Hayo ni kazi yangu, na mwili ni mwili. Ni uchafu wa mtu mwenye hiari ndio unaonishinda.

Wageni wake walinishinda zaidi. Walikuja Jumamosi mchana, wazee wenzake wa maandamano, pamoja na walimu wa chuo kikuu, na vijana waliovaa beji. Walileta chupa za mvinyo, wakakaa chini ya mabango ya zamani, wakazungumza juu ya wafanyakazi. Mfanyakazi alikuwa mimi. Nilikuwa nimepiga magoti nikifuta mvinyo waliomwaga kwenye zulia, na mguu wa mmoja wao ukavuka juu ya mgongo wangu kwenda kuchukua karanga. Hawakuwa wabaya. Wangeniona wangesimama wote kunipisha, ila hawakuniona. Nikimaliza yeye ananiita mbele yao, "Ndugu yangu huyu anatoka Zanzibar," nao wananitazama kwa macho ya huruma, na mimi natabasamu na kitambaa chenye mvinyo mkononi.

Lakini nisimpunje. Maisha yake yalikuwa maisha. Alizaliwa kwenye mji wa bandari huko Uholanzi, na baba yake alikuwa msimamizi wa mashamba ya mpira katika koloni lao la Asia. Akiwa na miaka kumi na tisa alifungua droo ya baba yake akakuta picha za watu wamefungwa kwenye miti, na baba amesimama pembeni na kofia yake. Angeweza kuifunga droo. Yeye alizichukua picha zile akazifanya kitabu, na kitabu kikawatoa usingizini watu wa nchi yake. Baba yake hakusema naye tena hadi kufa. Mama yake alimwandikia barua moja tu, ya mstari mmoja, na Mholanzi hakupata kuniambia mstari huo ulisema nini. Baadaye alilala barabarani mbele ya malori ya jeshi akafungwa. Akaolewa na fundi wa kiwanda cha magari hapa Birmingham, mtu wa vyama vya wafanyakazi, akamfuata, akamzika, akabaki. Aliandika vitabu kumi na kitu, vyote kwa Kiholanzi. Alipokea barua za matusi na barua za shukrani, na zote alizihifadhi pamoja.

Alinisimulia habari za droo ile mara nyingi, na kila mara alimaliza hivi: "Kama ningenyamaza, ningekuwa mshirika." Mimi nilikuwa namkata kucha za miguu, naitikia. Nilimheshimu. Hilo nalo ni kweli, nalo leo linanikera.

Kuandika kwake kulikuwa na utaratibu wake. Alikuwa na makopo ya biskuti, yamepangwa ukutani kwa safu, na ndani yake kadi ndogo. Kila mtu aliyekutana naye alikuwa na kadi. Muuza mboga, daktari, mtu aliyekaa naye kwenye basi. Jina hakuandika kamwe, hilo lilikuwa sharti lake na alilitangaza kama mtu anayetangaza usafi wake. Badala ya jina aliandika kila kitu kingine: mtu anavyocheka, anaishi ghorofa ya ngapi, amevaa nini, amesema nini. Kitabu kikikaribia alizimwaga kadi mezani, akazipanga, akaziunganisha. Nilikuwa nayafuta makopo hayo vumbi kila Jumatano. Sikujua Kiholanzi, kwa hiyo kwangu yalikuwa makopo tu.

Sasa nije kwa binti niliyemwosha. Alikuwa binti wa Newtown, wa kwetu, hajafika miaka thelathini. Mama yake nilimjua tangu nifike mji huu, mwanamke aliyenizidi umri kidogo, nikimwita dada naye akiniita mdogo wangu. Binti aliugua wiki moja, akafa hospitalini. Mama alinipigia simu mwenyewe asubuhi. Hakulia. Alisema, "Mdogo wangu, njoo umwoshe mwanangu." Nikamwuliza kama ataingia nasi, maana mama ana haki ya kuingia. Akasema hapana, atakaa nje.

Tulimwosha. Mimi nilikuwa wa mbele, na mkono wangu ndio uliopita chini ya shuka. Nikaona alama. Nilichokiona sitakisema hapa. Mholanzi alikisema, kwa lugha mbili, na kwa Kiswahili hakitatoka kwangu. Itoshe kusema ilikuwa alama ambayo mwanamke mzima akiiona anajua habari nzima, na habari yenyewe haikuwa ikijulikana na mtu yeyote pale msikitini. Wenzangu hawakuona. Niliikunja shuka vizuri, nikamaliza, tukamvika sanda. Nilipotoka nje mama yake alinitazama usoni kwa kitambo. Nikamwambia, "Amependeza, dada." Akashusha pumzi akasema, "Mungu akulipe."

Siku ya nne baada ya maziko, Mholanzi alikuwa anakufa. Hivyo ndivyo walivyosema. Alitolewa hospitali na homa ya mapafu, daktari akasema apelekwe akafie kitandani mwake, siku mbili, labda tatu. Mpwa wake alikuwa njiani kutoka Uholanzi. Ilikuwa saa nane mchana, nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda namlowesha midomo kwa pamba. Nilikuwa sijala vizuri tangu siku ile. Ile alama ilikuwa inanifuata hadi jikoni. Nilikuwa na hasira nayo, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Mume wangu? Dada zangu? Hata mto wangu sikuthubutu. Mara nikamwona yule bibi pale, macho amefumba, pumzi inakoroma, na nikafanya hesabu ya kijinga kabisa. Huyu anakwenda. Si mtu wa kwetu. Hajui mtu yeyote Newtown. Nikimwambia ni sawa na kuliambia kaburi.

Nikamwambia. Nilisema yote, kwa Kiingereza changu, polepole. Nilimweleza chumba, maji, sanda. Nilimweleza binti alivyokuwa akicheka akiziba mdomo, alivyokuwa akileta mandazi msikitini Ijumaa kwenye kopo la rangi ya zambarau. Kisha nikamweleza nilichokiona. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikalia, nikanawa uso, nikaenda kuwapa paka chakula.

Hakufa. Siku ya tatu alifungua macho akaomba yai. Siku ya tano akaomba kalamu. Wiki ya pili nilimkuta amekaa kitandani ameegemea mito, miwani puani, anaandika, na aliponiona akanitabasamia kwa mapenzi ya kweli akasema, "Ndugu, umeniponya." Nilidhani anasemea ile pamba.

Jumatano moja nikifuta vumbi nilikuta kopo jipya. Sijui kwa nini nilifungua. Ndani mlikuwa na kadi nyingi, mwandiko wake mdogo wa kusimama, Kiholanzi chake. Lakini katikati ya Kiholanzi nikaona neno Newtown. Chini yake nikaona neno la Kiswahili, limepigiwa mstari: sanda. Kadi ile ilikuwa imeandikwa mbele na nyuma.

Nilimpelekea chumbani. Nikamwambia, "Hii nilikwambia ukiwa unakufa."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilisikiliza vizuri."

"Nataka uitoe."

"Jina sikuandika."

"Nataka uitoe, bibi."

Akavua miwani. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliniambia kwa upole kwamba kila uovu aliouona maishani ulilindwa na watu wema walionyamaza. Akaniambia habari ya droo tena. Akaniuliza: "Huyo binti angekuwa hai kama mtu angeandika habari za wenziwe mapema, huoni?" Nikamwambia baba yako aliwafunga watu kwenye miti; binti huyu hakumfunga mtu. Kisha akasema, "Ni kwa Kiholanzi tu, ndugu. Watu wachache. Nani wa Newtown anasoma Kiholanzi?" Na akasema atalifikiria.

Hapa ndipo pananitia kinyaa kuliko samaki, kuliko leso, kuliko wageni. Nilikuwa na kadi mkononi. Jiko la gesi liko hatua kumi. Ningeichoma na asingeweza kufanya lolote. Sikuichoma. Nimejiambia miaka hii kwamba niliogopa wakala, niliogopa kupoteza kazi, na hofu hiyo ilikuwapo. Lakini ukweli mwingine upo chini yake, na umekaa vibaya: nilipendezwa. Nilitaka kuandikwa. Miaka yote ile nimewafuta watu makalio katika mji huu, hakuna aliyeniuliza kitu zaidi ya saa ngapi nitakuja. Mtu mmoja, tena mwandishi, alinisikiliza hadi mwisho na akaona ninastahili kadi mbele na nyuma. Niliirudisha kadi kwenye kopo, nikafunika, nikaendelea kufuta vumbi.

Kitabu kilitoka Uholanzi kikapata tuzo. Nilimvalisha gauni lake la bluu akaja mpiga picha. Mimi nikamwuliza kama habari ya kadi ile imo, akasema imo kwa heshima kubwa. Nikajifariji kwamba ni kwa Kiholanzi tu. Mwaka uliofuata mfasiri akakitia katika Kiingereza.

Kabla sijakiona nilipigiwa simu na Mkenya aliyekuwa akija kwa Mholanzi siku zangu za mapumziko, mtu wa Kisii, mlokole, msomaji wa kila kitu. Alipewa nakala kama zawadi.

"Auntie," akasema, "hii kitabu umeisoma?"

"Bado."

"Aki auntie, chapta ya saba ni wewe. Nimesoma kwa basi mpaka nikapita stop yangu. Na huyo msichana, si ni yule alikuwa anauza mandazi huko kwenu? Hawajaandika jina lakini, auntie, hata mimi Mkristo nimemjua."

Nikaenda kukisoma. Nilisoma nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya Mholanzi, nimevaa glavu za kazi. Chumba chetu cha vigae kilikuwa kimegeuka pango lenye ubani na mishumaa. Mishumaa! Sisi tunawasha taa ya dari na mashine ya kupasha joto. Mikono yangu iliitwa mikono ya kale, na nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Nilikuwa nanong'ona, nilikuwa nainamisha kichwa, nilikuwa na busara ya watu wasiojua kusoma, mimi niliyefika kidato cha nne na ninayewasomea wazee maagizo ya dawa. Hayo ningeyameza. Lakini alichukua alama ya binti akaizungushia hadithi. Akasema aliificha kwa kuwaogopa watu wake. Akasema angejulikana wangemfukuza, wangemtupa. Alimpa mama yake uso wa mawe, mwanamke aliyekaa nje ya chumba kwa sababu hakutaka kumgusa mwanawe. Yeye hajawahi kumwona mama yule hata siku moja. Nilikuwa nimemwambia neno moja tu, kwamba mama alikaa nje, na kwa neno hilo amejenga jela nzima akatufungia wote ndani.

Na hakuandika jina. Aliandika Newtown, ghorofa ndefu, kopo la zambarau, kucheka kwa kuziba mdomo.

Mtu mwenye akili angeondoka siku ile. Mimi nilibaki wiki mbili zaidi kwa sababu wakala hakuwa na mtu, na kwa sababu nilikuwa nimepanga kumsema na kila siku nikashindwa. Ndani ya wiki hizo kukawa na hafla ya kitabu, Jumapili saa tisa mchana, kwenye ukumbi wa maktaba. Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Ukumbi ulijaa. Walimwuliza maswali, akajibu vizuri, alikuwa na ulimi. Wakamwomba asome. Akasoma sura ya saba.

Nilisimama nyuma yake nimeshika vishikio vya kiti. Aliisoma yote, hadi alama. Watu wakawa wanafuta macho. Mwanamume mmoja mstari wa mbele alifumba macho akawa anatikisa kichwa, kama anayeonja chakula kitamu. Alipomaliza Mholanzi akainua mkono wake mkavu nyuma, akanigusa kifundo cha mkono, akasema kwenye kipaza sauti, "Na huyu ndiye. Yuko hapa nasi." Wakasimama. Wakapiga makofi. Walinipigia makofi mimi, kwa kumvua nguo binti wa watu.

Nikatabasamu. Sikuamua, uso wangu ulifanya wenyewe, kwa mazoea ya zile Jumamosi. Na nikiwa katika kutabasamu nikamwona, karibu na mlango, msichana wa kwetu, amevaa hijabu ya kijivu, mwanafunzi, mtoto aliyezaliwa hapahapa. Nilikuwa nikimsalimia msikitini kwa Kiswahili naye akinijibu kwa Kiingereza. Hakupiga makofi. Alinitazama, akatazama kitabu mkononi mwake, akatoka.

Nilimrudisha Mholanzi nyumbani, nikampandisha kitandani, nikamfunika. Nikamwambia siji tena. Aliuliza kwa nini, na naapa hakujua. Nikamwambia, "Umeniuza kwa makofi." Akafikiri. Akasema, "Nimekupa nafasi ambayo hakuna aliyekupa." Nikachukua mkoba wangu. Baadaye aliniletea nakala kwa posta, ameandika ndani "kwa ndugu yangu", na kati ya kurasa ametia peremende nyeusi. Nilitupa vyote viwili. Alikufa miezi mitano baadaye na hakuna aliyenipigia simu, nami sikutegemea.

Newtown nilikwenda siku ya tatu baada ya hafla. Lifti ilikuwa mbovu, nikapanda kwa miguu, na kila ghorofa nilitunga maneno mapya. Mama wa binti alifungua kabla sijabisha mara ya pili. Alinikaribisha ndani kama siku zote, akanipa kiti kizuri, akaleta chai ya maziwa na mkate wa ufuta. Hilo lilinitisha. Mtu wa kwetu akikukasirikia kidogo atakugombeza mlangoni.

Nikaanza kusema. Nikamwambia dada, yule bibi alikuwa mgonjwa wa kufa, nilidhani anakufa, ulimi hauna mfupa, shetani alinipitia. Alinisikiliza hadi nilipoishiwa. Mkononi alikuwa na tasbihi lakini hakuivuta.

"Mdogo wangu," akasema, "unajua kwa nini siku ile sikuingia?"

Nikasema sijui.

"Niliogopa kwamba mkono ukifika pale nitalia, wale wengine wakajiuliza kuna nini pale. Mimi nilikuwa nalijua lile. Mwanangu hakunificha. Nilikuwa naye hospitali siku ilipotokea, nimemshika mkono, na baba yake marehemu naye alijua, na hakuna aliyemfukuza. Tulikubaliana sisi watatu kwamba ni letu."

Treni haipiti Newtown kwa karibu, lakini nilikuwa nasikia kitu kinanguruma masikioni.

"Kwa hiyo alipokufa," akaendelea, "nilikaa pale hospitali nikawahesabu wanawake wote ninaowajua katika mji huu. Nilijua atakayemwosha ataona. Nikasema, huyu ana maneno, huyu ana watoto wakubwa atawaambia, huyu mcheshi mno. Nikafika kwako. Nikasema, huyu. Hata nikamshukuru Mungu kwamba upo."

Nikamwomba radhi. Nilishuka kwenye kiti nikamshika miguu, nikalia, na yeye akanishika bega akaninyanyua bila ukali wowote, akanirudisha kwenye kiti. Akasema amenisamehe. Akasema na huko mbele ya Mungu hatanidai. Nilipomsikia hivyo nilianza kupumua.

Akanisogezea kikombe. "Kunywa, kinapoa."

Nikanywa. Akasubiri nimeze.

"Nimeshawaambia wanangu waliobaki," akasema. "Siku yangu ikifika, wewe usiitwe."